Tübingen, Mji wa Chuo na wa Wakulima

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa kusini, upo mji mdogo uitwao Tübingen, uliojengwa kando ya mto Neckar. Wakazi wake ni kama 90,000, na wanafunzi wa chuo kikuu wasomao humo ni zaidi ya 25,000. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1477, yaani miaka ishirini na mmoja kabla ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi. Kwa hiyo, wakati mababu wa Wareno wale walipokuwa wakiitafuta njia ya bahari, vijana wa Tübingen walikuwa wamekwisha kukaa katika mabenchi wakisoma sheria, dini na utabibu.

Nilipata kuuona mji huo mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Kwetu ni Bungoma, nami ni karani wa serikali huko Kitale. Kazi yangu ni kutunza majalada ya mashamba. Nilikuwa nimepelekwa Stuttgart kwa majuma manne kujifunza namna ya kuhifadhi hati za zamani, na tulipopewa mapumziko ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, nikapanda treni. Safari huchukua muda wa saa moja hivi.

Kabla sijaondoka nyumbani, wazee wa soko la Chwele walikuwa wameniuliza swali. Walisema, “Mwanetu, mji unaoishi kwa vitabu tu, watu wake wanakula nini?” Wengine wakacheka, lakini swali lile ni la haki kabisa. Maana sisi nasi tunacho chuo kikuu chetu, Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, nacho kimezungukwa na mashamba ya mahindi na miwa. Mkulima apitaye penye lango lake hana budi kujiuliza: mambo yasomwayo humo ndani yananihusu nini mimi? Nimeandika habari hizi nikilikumbuka swali hilo.

MJI ULIVYO

Mji wa kale u juu ya kilima, na njia zake ni nyembamba, zimetandazwa mawe. Nyumba zake ni za miti na udongo wa kupigwa lipu, ghorofa juu ya ghorofa, kila moja imejitokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, hata paa za nyumba zielekeanazo karibu zinagusana. Katika Vita Kuu ya Pili miji mingi ya Ujerumani ilibomolewa kwa mabomu, lakini Tübingen ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu mgeni anaweza kuona leo yale yaliyoonwa na watu wa zamani.

Katikati ya kilima kuna uwanja wa soko, na mbele yake jumba la baraza la mji, lililojengwa mwaka 1435. Juu ukutani pana saa ya mwaka 1511, ambayo huonyesha pia mwendo wa mwezi na nyota. Siku ile ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, nami nikakuta akina mama wameweka mezani kabeji, viazi, matufaha, maboga na asali. Walikuwa wakibishana bei na wateja kwa sauti ambayo ingemfanya mtu wa Chwele ajione yuko kwao.

Chini mtoni, vijana hupanda mashua ndefu nyembamba, wakazisukuma kwa upondo kama wafanyavyo watu wa Lamu na mitumbwi yao. Miongoni mwa nyumba za pwani ya mto pana mnara wa rangi ya manjano. Humo aliishi mshairi mashuhuri Friedrich Hölderlin, ambaye alipatwa na ugonjwa wa akili, akatunzwa nyumbani mwa fundi seremala na jamaa yake tangu mwaka 1807 hata alipofariki mwaka 1843. Yule seremala alikuwa amesoma kitabu cha mshairi huyo na kukipenda, basi akamchukua mwandishi wake akamweka chini ya dari yake. Naona habari hiyo yafaa kukumbukwa, kwa kuwa inaonyesha kwamba katika mji huo hata fundi wa mbao alikuwa msomaji.

CHUO KILIVYOANZA

Mwenye kukianzisha chuo alikuwa mtawala wa nchi ile, Eberhard, aliyeitwa Mwenye Ndevu. Neno alilolichagua kuwa lake ni la Kilatini, “Attempto”, maana yake ni “Nathubutu”. Alikufa mwaka 1496, na kaburi lake limo katika kanisa kubwa la mji.

Kutoka chuo hicho wametokea watu ambao majina yao hujulikana duniani kote. Johannes Kepler, aliyefika huko mwaka 1589 akiwa kijana asiye na mali, alisomeshwa kwa fedha za serikali, na baadaye ndiye aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari kulizunguka jua. Wilhelm Schickard, mwalimu wa Kiebrania na hesabu za nyota, alibuni mwaka 1623 mashine ya kujumlisha na kutoa.

Lakini haifai kumsifia mgeni mema peke yake. Mwaka ule ule wa 1477, Eberhard alipoanzisha chuo, aliamuru Wayahudi wasikae tena mjini humo. Karne nyingi baadaye, katika utawala wa Hitler kuanzia mwaka 1933 hata 1945, walimu kadhaa wa chuo hicho waliitumia elimu yao kuthibitisha uongo wa kwamba watu wa kabila moja ni bora kuliko wengine. Hekalu la Wayahudi wa Tübingen lilitiwa moto mwezi wa Novemba mwaka 1938, katika mji uliojaa madaktari wa falsafa na wa dini. Msomaji na aone, basi, kwamba wingi wa vitabu haumzuii mtu kufanya uovu kama moyo wake haukufundwa.

JIKO LA NGOMENI

Juu kabisa ya kilima ipo ngome ya zamani ya watawala. Chuo kilipopewa ngome hiyo, jiko lake lilifanywa maabara ya kemia. Chumba ni cha mawe, dari yake imepindwa kama tao, na mtu akiingia husikia baridi hata siku ya jua. Humo, mwaka 1869, kijana mmoja Mswisi jina lake Friedrich Miescher alikuwa akichukua bendeji zilizotupwa na hospitali, zimelowa usaha, akauosha usaha ule na kuuchunguza. Ndani ya viini vya chembe zake akapata kitu ambacho hakijapata kuonwa na mtu kabla yake. Yeye alikiita nuklini. Sisi leo twakijua kwa jina la DNA.

Miescher hakujua maana kamili ya alichokipata. Ilipita miaka mingi ndipo wataalamu wakafahamu kwamba kitu hicho ndicho kichukuacho urithi wa viumbe vyote: ndicho kimfanyacho ndama afanane na mamaye, na punje ya mhindi itoe mhindi wa namna yake.

Niliposimama katika jiko lile, fikira zangu zilikwenda Kitale. Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wanaifahamu mbegu ya 611. Mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964, baada ya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale kuyachanganya mahindi yaliyokuwa yamezoea nchi yetu na mahindi mengine yaliyotoka Ecuador, katika milima ya Amerika ya Kusini. Mavuno ya mchanganyiko huo yaliyapita ya wazazi wote wawili. Kazi hiyo ilifanywa kwa kuchunguza urithi wa mimea msimu baada ya msimu, katika udongo ule ule tuulimao sisi. Wazee wa Chwele walioniuliza mji wa vitabu unakula nini, wao wenyewe wamekula matunda ya vitabu kwa miaka karibu sitini.

WATU WA BONDENI

Mtu akishuka kutoka uwanja wa soko kuelekea kaskazini, huingia katika mtaa wa chini. Hapo nyumba hazina mapambo, na milango yake ya chini ni mipana ya kupitisha mkokoteni. Ndio mtaa wa wakulima wa mizabibu. Wakulima hao waliitwa Gogen, jina ambalo halikuwa la heshima. Walipanda mlimani na majembe, wakibeba samadi migongoni, na jioni walirudi katika mtaa wao wa bondeni. Walimu na wanafunzi waliishi juu, wakulima chini. Hawa waliwadharau wale kwa kutokujua Kilatini, na wale waliwadharau hawa kwa kutojua kushika jembe. Mpaka leo watu wa Tübingen husimuliana visa vya kuchekesha, ambavyo ndani yake mkulima mwenye ulimi mkali humshinda profesa kwa neno moja.

Nilimkuta mzee mmoja akikata matawi ya mizabibu katika shamba la ngazi ngazi. Dada mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo, alikuwa pamoja nami, naye akatufasiria. Nilimwamkia mzee, nikamwuliza kama yeye ni mkulima. Akajibu kwamba babu yake alikuwa mkulima wa mizabibu, baba yake alikuwa fundi, na yeye mwenyewe alisoma akawa mhandisi, ila shamba hawakuliuza. “Jembe hili ni la babu,” akasema, akanionyesha mpini uliong'aa kwa kushikwa. Kisha akauliza sisi kwetu twalima nini. Nilipotaja mahindi, miwa na kahawa ya Mlima Elgon, akatikisa kichwa akataka kujua bei ya gunia. Dada yule akaniambia tulipokuwa tukishuka, “Kaka, wazee ni wale wale kila nchi.”

MTOTO WA DERENDINGEN

Sasa nafikia jambo lihusulo lugha hii tunayoiandika. Kilomita tatu hivi kutoka kilimani kipo kijiji cha Derendingen, ambacho tangu mwaka 1934 ni sehemu ya mji wa Tübingen. Hapo alizaliwa, tarehe 11 Januari 1810, Johann Ludwig Krapf, mtoto wa mkulima. Hakuna aliyetazamia kwamba atasoma zaidi ya shule ya kijiji. Lakini alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kumdhania mtoto mwingine, akaugua muda wa miezi sita. Katika kitanda cha ugonjwa alisoma sana, na alipopona jamaa zake wakamtia katika shule ya Kilatini mjini. Akawa akitoka kijijini kila asubuhi kwa miguu kwenda kusoma pamoja na watoto wa watu wa juu.

Katika ramani aliyonunuliwa na baba yake aliona kwamba upande wa mashariki ya Afrika ulikuwa mtupu, hauna majina. Alijiuliza mahali hapo pana nini. Baadaye alisoma elimu ya dini katika chuo cha Tübingen, akafanya kazi Uhabeshi miaka kadhaa, na mwaka 1842 chuo chake kikampa udaktari kwa uchunguzi wake wa lugha za huko. Mwaka 1844 akafika Mombasa. Haikupita miezi mingi, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa kwa homa, wakazikwa bara, mkabala wa kisiwa. Mwaka 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai.

Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili. Aliyemsaidia tangu mwanzo ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Mmoja alikuwa mhubiri wa Kikristo, mwingine mwanachuoni wa Kiislamu, nao waliketi pamoja wakitafuta neno lililo sahihi. Na ijulikane kwamba Waswahili hawakungoja mgeni awafundishe kuandika: kwa vizazi vingi walikuwa wameandika tenzi na barua kwa herufi za Kiarabu. Alilofanya Krapf ni kukusanya kanuni za lugha na kuzitia katika chapa kwa herufi za Kirumi.

Na chapa hiyo ilipigwa wapi? Ilipigwa Tübingen. Mwaka 1850 kampuni ya Fues ya mji huo ilitoa vitabu vyake viwili, kimoja cha misingi ya lugha ya Kiswahili, na kingine cha maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, zikiwemo Kiswahili, Kikamba na Kipokomo. Mwaka huo huo ilichapwa huko Injili ya Marko kwa Kikamba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nilikisoma kile kitabu cha maneno katika kompyuta, nikayaona maneno ya watu wa pwani na wa bara yamepangwa safu kwa safu. Jina la Krapf liko mbele. Majina ya waliomtajia maneno yale hayapo pamoja nalo.

Leo shule ya msingi ya Derendingen ina jina la Krapf, na tangu mwaka 2014 mji wa Tübingen una udugu na mji wa Moshi, ulio chini ya Kilimanjaro, mlima ambao Rebmann aliuona mwaka 1848 na wakubwa wa elimu huko Ulaya wakakataa kusadiki habari za theluji yake.

NENO KUTOKA NYUMBANI

Jumamosi jioni, nikiwa katika daraja la Neckar, nilipigiwa simu kutoka Bungoma. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa ameitwa Kibabii kusoma sayansi, na jamaa walikuwa wameketi kutafuta karo. Baba mdogo mmoja alitaka kuuza ekari moja. Mwingine alisema, “Ardhi ikiuzwa hairudi. Heri binti akae, asubiri.” Nami kwa kuwa ndimi nilishikaye jalada, walitaka neno langu.

Niliwajibu kwa heshima kwamba wote wawili wana haki kwa nusu. Kila siku mezani pangu huja watu waliouza ardhi kwa haraka, na machozi yao nayajua. Lakini pia nilikuwa nimetoka kuona kijiji cha mtoto wa mkulima ambaye, kama angeambiwa asubiri, huenda kitabu kile cha mwaka 1850 kisingalikuwapo. Nikawaeleza kwamba hata Ujerumani elimu haiji bure kwa kila mtu: wenyeji hawalipi karo katika vyuo vya serikali, lakini katika jimbo lile mwanafunzi atokaye nje ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa aliyesamehewa, hulipa Euro 1,500 kila muhula tangu mwaka 2017. Mwenye kupata chuo karibu na mlango wake asikidharau.

Aliyemaliza shauri ni senge, yaani shangazi yetu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alisema ekari ile ikodishwe kwa misimu miwili kwa mpanda mahindi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, na kila mjomba atoe debe la mahindi kwa chakula cha binti. Hati ikaandikwa, sahihi zikatiwa. Mwezi uliofuata binti alianza masomo, na shamba lingali letu.

KITALE NA BUNGOMA

Basi, wasomaji, Tübingen imekaa na chuo chake zaidi ya miaka mia tano, na kwa muda mrefu mkulima wa bondeni na profesa wa kilimani walipita njiani bila kusalimiana. Hasara ilikuwa ya wote wawili. Sisi hatuna haja ya kungoja miaka hiyo yote ndipo tujifunze. Kituo cha utafiti kipo Kitale, na chuo kikuu kipo Kibabii. Jumba la makumbusho lipo Kitale, lililoanza kwa mikusanyo ya mlowezi Stoneham na kufunguliwa kuwa la taifa mwaka 1974. Mkulima aliye na ugonjwa katika mahindi yake na apeleke jani lililougua kwa wenye elimu, asione haya kwa matope ya viatu. Na mwalimu wa chuo aende sokoni Chwele, aulize, asikilize.

Liko na jambo jingine. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Günter Wagner alikuja kukaa kati ya Wabukusu na Walogoli, akaandika mila za ndoa, za tohara na za mashamba. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza katika sehemu mbili, mwaka 1949 na mwaka 1956. Ni kazi kubwa, lakini aliyeyaandika maneno ya wazee wetu alikuwa mgeni tena. Habari za vita vya Chetambe vya mwaka 1895, majina ya mimea ya dawa ya Mlima Elgon, mipaka ya zamani ya koo, hayo bado yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo nawaomba makarani wenzangu na wakulima waliosoma: mtu na anunue daftari moja, akae na mzee wa ukoo wake jioni, aandike asemayo. Juu ya ukurasa wa kwanza aandike tarehe, jina la kijiji, na jina kamili la mzee mwenyewe, ili atakayesoma baadaye ajue maneno haya yalitoka kinywani mwa nani.